Uteuzi wa Mafunzo ya Huduma ya Kwanza na Ufufuaji kwa Wazamiaji Waokoaji wa Kanda ya Kati ya Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuteua mafunzo ya huduma ya kwanza na ufufuaji wa moyo na mapafu yanayowafaa wazamiaji waokoaji wanaofanya kazi Dodoma na katika uwanda wa juu wa kati wa Tanzania. Mazoea ya kuteua mafunzo kwa kutazama umaarufu wa cheti au unafuu wa ada yanaacha maswali matatu bila majibu: chanzo cha kifo cha maji ni nini, nani hasa anaweza kuokolewa na mzamiaji katika eneo lililo mbali na kituo chake, na majeruhi atatunzwaje katika safari ndefu ya kwenda hospitali. Makala yanabainisha kwamba kifo cha maji huanza na ukosefu wa hewa, hivyo mafunzo yanayoanza na pumzi ndiyo yanayofaa. Aidha, yanaonesha kwamba katika mazingira ya uwanda wa kati majeruhi mwenye nafasi kubwa zaidi ya kuokolewa na mzamiaji ni mzamiaji mwenzake. Kwa msingi huo, vigezo sita vya uteuzi vinapendekezwa.

Maneno muhimu: uzamiaji, uokoaji, kufa maji, ufufuaji wa moyo na mapafu, oksijeni, Dodoma

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Dodoma haupakani na bahari wala ziwa kubwa. Mvua zake hunyesha katika msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na kwa wastani hazizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Kwa mtazamo wa haraka, mzamiaji mwokoaji angeonekana kuwa mtu asiye na kazi katika nchi kama hii. Hata hivyo, ukame wenyewe ndio uliozalisha maji ya hatari. Kwa kuwa mito mingi ni ya msimu, wakazi wamelazimika kuyahifadhi maji katika malambo, visima na mabwawa. Bwawa la Hombolo, kaskazini mashariki mwa jiji la Dodoma, lilijengwa katika miaka ya 1950. Bwawa la Mtera katika mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, lilijengwa kwa ajili ya kuhifadhi maji ya kuzalishia umeme, na sasa ni eneo la uvuvi linalotegemewa na vijiji vingi. Mkoani Singida, maziwa ya Singidani na Kindai yako kando ya makazi ya mji. Kwa maneno mengine, maji ya uwanda wa kati ni machache, lakini watu huyafuata kila siku.

Jukumu la uokoaji katika maji hayo liko chini ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, linalofanya kazi kwa mujibu wa Sheria Na. 14 ya mwaka 2007 na linalopokea taarifa za dharura kwa simu namba 114. Mzamiaji wa jeshi hilo hutarajiwa kufanya mambo mawili yaliyo tofauti: kumtoa mtu majini na kumhudumia baada ya kumtoa. Ustadi wa jambo la kwanza hauleti wenyewe ustadi wa jambo la pili. Mtu anaweza kuwa hodari wa kuzamia na bado asijue la kufanya mbele ya mwili usiopumua uliolazwa ukingoni. Hapo ndipo suala la kuteua mafunzo linapopata uzito wake.

Makala haya yamegawanyika katika sehemu sita. Baada ya utangulizi huu, sehemu ya pili inaeleza mwenendo wa kifo cha maji, ya tatu inaeleza kwa nini miongozo ya ufufuaji hutofautiana, ya nne inajadili nani anaweza kuokolewa, na ya tano inawasilisha vigezo vya uteuzi na kuvitumia katika kupima aina za mafunzo. Sehemu ya sita ni hitimisho.

2.0 Mwenendo wa kifo cha maji

Methali ya Kiswahili inasema mfa maji haachi kutapatapa. Kama fumbo la maisha, methali hiyo haina dosari. Kama maelezo ya dalili, inaweza kupotosha. Mtu anayezama, hasa mtoto, mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono. Kinywa chake kikiwa katika usawa wa maji, hutumia kila nafasi kuvuta hewa, na sauti haimtoki. Huzama kimya, wakati mwingine mbele ya watu wanaodhani anacheza. Mafunzo yasiyomweleza mwokoaji hali hii humfanya asubiri ishara ambayo haitakuja.

Shirika la Afya Duniani linaitambua hali ya kuzama kuwa ni mchakato wa kudhurika upumuaji kutokana na kuzamishwa ndani ya kimiminika. Tafsiri hiyo iliafikiwa na wataalamu katika kongamano la dunia lililofanyika Amsterdam mwaka 2002. Neno la msingi katika tafsiri hiyo ni upumuaji. Maji yanapoziba njia ya hewa, oksijeni katika damu hupungua. Mtu hupoteza fahamu, kisha huacha kupumua. Moyo huendelea kupiga kwa muda, kwanza kwa kasi, baadaye polepole na kwa unyonge, na hatimaye husimama. Kwa hiyo, kusimama kwa moyo ni hatua ya mwisho ya mchakato ulioanzia katika mapafu.

Hali hii ni kinyume cha ile ya mtu mzima anayeanguka ghafla kwa maradhi ya moyo. Huyo wa pili, damu yake bado ina oksijeni ya kutosha kwa dakika chache za mwanzo, na anachohitaji haraka ni kusukumiwa damu hiyo na kushtuliwa moyo kwa umeme. Aliyezama hana akiba hiyo. Kukandamiza kifua chake bila kumpulizia hewa ni kuzungusha damu isiyo na kitu cha kuupa ubongo. Kadhalika, kifaa cha kushtua moyo humsaidia mara chache, kwa kuwa kwa kawaida moyo wake umesimama kwa kukosa oksijeni na si kwa mtetemo unaoweza kurekebishwa na umeme. Hata hivyo kifaa hicho, kikiwapo, hutumika mara tu kinapofika, ilimradi matayarisho yake yasicheleweshe pumzi.

Muda nao una sheria yake. Matumaini ya kupona bila madhara ya ubongo ni makubwa kwa mtu aliyezama kwa muda usiozidi dakika 5 hadi 10, na baada ya dakika 25 huwa madogo mno. Simulizi za watu waliopona baada ya kuzama kwa muda mrefu zaidi zinatoka, kwa sehemu kubwa, katika maji ya barafu, ambayo hupoza ubongo haraka. Maji ya malambo ya Dodoma hayatoi kinga hiyo.

3.0 Tofauti za miongozo na chanzo chake

Ufufuaji wa kisasa uliunganishwa kutokana na matokeo ya tafiti mbili zilizofanyika Baltimore nchini Marekani. Katika miaka ya 1950, Peter Safar alithibitisha kwamba hewa inayotoka kinywani mwa mwokoaji inatosha kumpa uhai asiyepumua. Mwaka 1960, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker walichapisha njia ya kukandamiza kifua kutoka nje bila kukipasua. Mbinu hizo mbili zilipounganishwa, utaratibu uliofundishwa kwa miongo kadhaa ulikuwa kufungua njia ya hewa, kutoa pumzi, kisha kukandamiza kifua.

Utaratibu huo ulibadilishwa kwa sababu za kitakwimu na za kijamii. Katika nchi zenye vifo vingi vya ghafla vya moyo, watu wa kawaida waliogopa kupuliza kinywani mwa mgeni, na matokeo yake hawakufanya lolote. Mwaka 2008, Chama cha Moyo cha Marekani kilitangaza kwamba mpita njia asiye na mafunzo anaweza kukandamiza kifua pekee pale anapomwona mtu mzima akianguka ghafla. Mwaka 2010, chama hicho kilibadili mfuatano wa mafunzo yake ili mikandamizo itangulie pumzi. Mabadiliko hayo yaliwafaa wale waliokusudiwa. Tatizo ni kwamba yalienea pia katika kozi fupi za mahali pa kazi, vipeperushi na video, mara nyingi bila maelezo kwamba aliyezama hamo katika kundi hilo.

Miongozo yenyewe haina utata juu ya jambo hili. Baraza la Ufufuaji la Ulaya linaelekeza pumzi 5 za mwanzo kwa aliyezama, kisha mikandamizo 30 kwa pumzi 2. Nyongeza ya miongozo ya Marekani iliyotolewa mwaka 2024 mahususi kwa waliozama inamtaka mwokoaji mwenye mafunzo kuanza na pumzi 2. Idadi inatofautiana, msingi ni mmoja: pumzi kwanza. Viwango vingine havibadiliki, yaani mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, yenye kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, na kukiacha kifua kirudi juu kikamilifu kati ya mkandamizo mmoja na mwingine.

Kwa mteuzi wa mafunzo, matokeo ya historia hii ni ya moja kwa moja. Kozi mbili zinaweza kubeba jina lilelile, kutoa cheti cha muda uleule wa miaka miwili, na zote mbili zikawa halali kitaaluma. Mojawapo inaweza kumwandaa mfanyakazi wa ofisini kumsaidia mwenzake aliyeanguka mezani, na bado ikamwacha mzamiaji na mfuatano usiofaa katika misuli yake. Mtu aliye katika taharuki hafikiri upya. Hufanya kile alichokizoea mazoezini.

4.0 Nani anaweza kuokolewa

Mjadala wa mafunzo ya wazamiaji hudhani mara nyingi kwamba majeruhi ni mwananchi aliyezama. Dhana hiyo inahitaji kupimwa kwa kipimo cha muda kilichotajwa katika sehemu ya pili. Kutoka Dodoma mjini hadi Mtera ni zaidi ya kilomita 100. Mtoto aliyetumbukia katika lambo la kijiji kilicho nusu saa kutoka mjini atakuwa amepita dakika 25 kabla gari la uokoaji halijafika, hata kama simu ilipigwa papo hapo. Katika matukio mengi ya aina hii, mzamiaji hufika kuopoa mwili. Kazi hiyo ina heshima yake, kwa sababu familia inahitaji kumzika mtu wake, lakini si kazi ya ufufuaji.

Matukio makubwa ya Ziwa Victoria yanathibitisha hoja hii. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, waliofika kwanza walikuwa wavuvi. Watu 19 walifariki, na 24 waliotoka hai walisaidiwa kwa kiasi kikubwa na waliokuwa karibu. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 220, wengi wa walionusurika waliokolewa katika saa za mwanzo. Hata hivyo, tukio hilo lina funzo la pili. Siku mbili baadaye wazamiaji walimkuta fundi wa kivuko akiwa hai ndani ya nafasi iliyobaki na hewa. Mzamiaji aliyeingia akitarajia maiti alitakiwa ghafla kuwa mhudumu wa majeruhi. Ajali ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996 inakumbukwa kwa upande wa uchungu wa jambo hilohilo: tundu lilipotobolewa katika kitako cha meli iliyopinduka, hewa iliyokuwa imeishikilia ilitoka na meli ikazama pamoja na waliokuwa ndani.

Kutokana na maelezo hayo, makundi mawili ya watu yanabaki ndani ya uwezo wa mzamiaji. Kundi la kwanza ni la walionaswa penye hewa, ambao ni wachache lakini hawapaswi kusahauliwa. Kundi la pili, ambalo miongozo ya uteuzi hulisahau, ni la wazamiaji wenyewe. Mzamiaji anayepata madhara akiwa kazini ana sifa zote zinazoongeza nafasi ya kupona: tukio linaonekana likitokea, wenzake wako hapo hapo, wana vifaa, na dakika hazijapotea. Katika uwanda wa kati, ambako umbali unamnyima mwananchi nafasi hiyo, majeruhi anayeweza kuokolewa kwa uhakika zaidi na mafunzo ya mzamiaji ni mwenzake aliyeshuka naye.

Hatari zinazomkabili mzamiaji huyo si za kubahatisha. Maji ya malambo na mabwawa yana tope jingi, kiasi kwamba kazi hufanywa kwa kupapasa. Mabaki ya nyavu na visiki vya miti iliyofunikwa na maji humnasa. Mtera kuna mamba na viboko. Mzamiaji anayepumua hewa ya mtungi, akipanda juu kwa hofu huku ameizuia pumzi, anaweza kupasua mapafu hata kutoka kina cha mita chache tu. Hewa inayovuja huingia katika mishipa ya damu na kuziba ile ya ubongo. Visima navyo vina hatari ambayo si ya maji: hewa ya ndani inaweza kuwa imekosa oksijeni, au kujaa hewa ya sumu iwapo pampu ya petroli imewashwa ndani yake. Anayeshuka kumfuata aliyeanguka bila kupima hewa huwa majeruhi wa pili.

Mwinuko unaongeza jambo jingine. Jiji la Dodoma liko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, na Singida iko juu zaidi. Taasisi za uzamiaji huhesabu uzamiaji wowote unaofanyika juu ya mita 300 kuwa ni wa mwinuko, kwa sababu mgandamizo wa hewa ya juu ya maji ni mdogo na viputo vya naitrojeni hujitengeneza mwilini kwa urahisi zaidi. Katika mwinuko wa Dodoma, mita 10 za kina zinapaswa kuhesabiwa katika majedwali ya usawa wa bahari kama zaidi ya mita 11. Tofauti hiyo ni ndogo katika mzamio mmoja mfupi, lakini utafutaji wa mwili huweza kuchukua siku nzima na kuhusisha mizamio mingi.

5.0 Vigezo vya uteuzi

5.1 Vigezo sita

Kigezo cha kwanza ni mfuatano. Mtaala unapaswa kutenga somo la aliyezama, lenye pumzi za mwanzo kabla ya mikandamizo, na mazoezi yake yafanywe hadi mfuatano huo uwe wa kawaida. Swali la kumuuliza mtoa mafunzo ni fupi: baada ya kumlaza ukingoni mtu asiyepumua, mwanafunzi wako hufanya nini kwanza? Jibu likiwa ni kukandamiza kifua, kozi hiyo haimfai mzamiaji, hata kama inawafaa wengine.

Kigezo cha pili ni ustadi wa kutoa pumzi kwa vifaa. Aliyezama hutapika mara nyingi. Uchunguzi wa fukwe za Australia uliochapishwa mwaka 1988 ulionesha kutapika kwa asilimia 65 ya waliohitaji pumzi pekee na asilimia 86 ya waliohitaji pumzi na mikandamizo. Kwa hiyo mwanafunzi anapaswa kufanya mazoezi ya kumgeuza majeruhi ubavu, kusafisha kinywa na kuendelea, akitumia barakoa ya mfukoni na mfuko wa kupumulisha. Anapaswa pia kufundishwa yale ya kutofanya: kutopoteza muda kufuta povu linaloendelea kutoka, na kutokandamiza tumbo ili kutoa maji. Mazoea ya kumning'iniza mtoto kichwa chini au kumzungusha hayana faida, na huiba dakika zilizohitajika kwa pumzi.

Kigezo cha tatu ni oksijeni. Oksijeni safi ni huduma ya kwanza ya lazima kwa aliyezama na kwa mzamiaji mwenye dalili za viputo katika damu. Hesabu ya safari inaonesha kwamba kujua kufungua mtungi hakutoshi. Kwa kasi ya lita 15 kwa dakika, mtungi mdogo wenye ujazo wa lita 2 uliojazwa hadi mgandamizo wa bar 150 una lita 300 za oksijeni, yaani dakika 20. Safari ya kilomita 100 kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa ni dakika 100, na inahitaji lita 1,500. Hicho ni kiasi chote cha mtungi wa lita 10 uliojazwa hadi mgandamizo huohuo, bila akiba yoyote. Kozi inayofaa humfundisha mwanafunzi kufanya hesabu hii kabla ya kuondoka kituoni.

Kigezo cha nne ni utunzaji wa safarini. Bwawa la Mtera likijaa, uso wake huwa karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya kaskazini hupanda kwenda Dodoma, na ya kusini hupanda zaidi kwenda Iringa. Gari la wagonjwa linaloondoka Mtera, kwa upande wowote, linampeleka mzamiaji kwenye mgandamizo mdogo zaidi kuliko ule wa ukingoni. Kwa sababu hiyo, hewa iliyonaswa mwilini mwake hutanuka, kwa takriban asilimia 5 kuelekea Dodoma na asilimia 10 kuelekea Iringa. Mhudumu anapaswa kulijua hilo anapochagua njia, kumlaza majeruhi chali bila kumwinua kichwa na kuendeleza oksijeni hata dalili zikipungua. Anapaswa pia kuieleza hospitali historia ya mzamio: kina, muda, na namna majeruhi alivyopanda juu. Bila maelezo hayo, daktari anaweza kuona mtu aliyepooza upande mmoja na kumtibu kama mgonjwa wa kiharusi cha kawaida.

Kigezo cha tano ni lugha na mazoezi. Ufufuaji ni ustadi wa mikono, na maelekezo yake yanapaswa kueleweka mara moja. Kozi inayotolewa kwa Kiingereza kwa askari wanaofanya kazi zao kwa Kiswahili huwapa kazi mbili kwa wakati mmoja. Kadhalika, wanasesere wa mafunzo wawe wengi kiasi kwamba kila mwanafunzi anatumia muda mrefu akikandamiza na kupuliza kuliko akitazama. Sehemu ya mazoezi ifanyike majini na ukingoni penye tope, mwanafunzi akimvua mwenzake mtungi, mkanda wa risasi na vazi la uzamiaji kabla ya kuanza pumzi. Chumba cha mikutano hakifundishi jambo hilo.

Kigezo cha sita ni marudio. Tafiti nyingi zinakubaliana kwamba ustadi wa ufufuaji huanza kufifia ndani ya miezi 3 hadi 6 baada ya mafunzo, ilhali vyeti vingi hudumu miaka miwili. Mafunzo yanayofaa ni yale yanayokiachia kikosi uwezo wa kujifanyia marudio ya muda mfupi kila baada ya miezi mitatu, chini ya mkufunzi wake mwenyewe.

5.2 Upimaji wa aina za mafunzo

Mafunzo yanayoweza kufikiriwa kwa wazamiaji wa kanda hii ni ya aina tatu. Ya kwanza ni kozi za jumla za mahali pa kazi, zinazotokana na matakwa ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, pamoja na zile za Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoanzishwa kisheria mwaka 1962. Nguvu yake ni lugha ya Kiswahili, gharama nafuu na uzoefu wa mazingira ya nchi. Upungufu wake kwa mzamiaji ni kwamba hazikuandaliwa kwa ajili yake: oksijeni, madhara ya mgandamizo na uvuaji wa vifaa havimo katika lengo lake kuu.

Aina ya pili ni kozi za taasisi za kimataifa za uzamiaji. Taasisi ya PADI, kwa mfano, humtaka anayeomba cheti cha mzamiaji mwokoaji awe amepata mafunzo ya huduma ya msingi na ya pili katika miezi 24 iliyotangulia. Mtandao wa DAN, ulioanzishwa Marekani mwaka 1980, una kozi za oksijeni kwa majeruhi wa uzamiaji. Kozi hizi zinajibu vizuri kigezo cha pili na cha tatu. Hata hivyo, zimekusudiwa kwanza kwa mzamiaji wa starehe katika maji maangavu ya pwani, na nyenzo zake nyingi ni za Kiingereza.

Aina ya tatu ni kozi za wahudumu wa afya, ikiwemo ile ya Huduma ya Msingi ya Dharura iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 baada ya kufanyiwa majaribio katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwa mojawapo. Kozi hiyo imeandaliwa kwa mazingira yenye rasilimali chache na inafundisha vizuri kumpima majeruhi na kumtunza. Lakini inamchukulia mwanafunzi kuwa mhudumu wa afya, na haigusi uzamiaji.

Upimaji huu unaonesha kwamba hakuna kozi moja inayotimiza vigezo vyote sita. Hitimisho hilo halimaanishi kwamba mteuzi ashindwe. Linamaanisha kwamba aunganishe. Msingi unaweza kuwa kozi ya Kiswahili ya mtoa huduma wa ndani, kwa sharti kwamba somo la aliyezama liongezwe kabla ya mkataba kusainiwa. Juu yake iwekwe sehemu ya oksijeni na madhara ya uzamiaji kutoka kwa mkufunzi wa uzamiaji. Mwisho, kikosi kikubaliane na hospitali inayopokea majeruhi, kama vile Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, juu ya taarifa zitakazotolewa njiani. Kwa mpangilio huo, fedha inayotosha kumsomesha askari mmoja ng'ambo inaweza kuandaa kikosi kizima, na marudio yakabaki kituoni.

5.3 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba pumzi za kinywa ni hatari kwa mwokoaji, na kwa hiyo ni heri mikandamizo pekee. Hofu hiyo inaeleweka kwa mpita njia. Kwa mzamiaji aliye kazini haina nguvu, kwa kuwa barakoa ya mfukoni yenye kizuizi ni kifaa kidogo kinachopaswa kuwamo katika sanduku lake kama kisu na kamba.

Pingamizi la pili ni kwamba, iwapo wazamiaji huchelewa kufika, fedha ingetumika vizuri zaidi kuwafundisha wavuvi wa Mtera na wachungaji wanaonywesha mifugo malamboni. Pingamizi hili lina ukweli mwingi. Kwa mwananchi aliyezama, mwokoaji wa kweli ni yule aliyekuwa ukingoni. Lakini mambo hayo mawili hayapingani. Mzamiaji aliyefundishwa kwa Kiswahili, kwa mfuatano sahihi na kwa vifaa vichache, ndiye anayeweza kuwa mwalimu wa wavuvi hao siku zisizo na matukio. Kozi isiyoweza kurudiwa kijijini bila umeme wala kompyuta ina upungufu unaopaswa kuhesabiwa wakati wa uteuzi.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba uteuzi wa mafunzo kwa wazamiaji waokoaji wa uwanda wa kati unapaswa kuanzia kwa majeruhi na si kwa cheti. Majeruhi huyo amekosa hewa, hivyo anahitaji pumzi kabla ya mikandamizo. Yuko mbali na hospitali, hivyo anahitaji oksijeni iliyopimwa kwa urefu wa safari. Yuko katika nchi ya juu, hivyo barabara yenyewe ni sehemu ya hatari. Na mara nyingi zaidi kuliko inavyofikiriwa, majeruhi anayeweza kupona ni askari aliyeshuka majini dakika chache zilizopita kumtafuta mtu mwingine. Kikosi kinachoteua mafunzo yake kwa kumfikiria askari huyo kitakuwa kimejiandaa pia kwa mwananchi, pale bahati inapomwacha hai hadi wazamiaji wafike.